Marafiki Wanavyokuza au Kupunguza Kujiamini Kwako: Mwongozo Kamili wa Kujikagua na Kuchukua Hatua

Umeshika simu. Kundi la marafiki kwenye WhatsApp linajadili jambo unalolijua vizuri kuliko wote waliomo. Unarekodi ujumbe wa sauti, sekunde ishirini hivi. Unausikiliza, unaona sauti imetetemeka kidogo, unaufuta. Unarekodi tena. Safari hii umesema "nadhani" mara tatu, unafuta. Mwisho unaandika "kweli kabisa" chini ya maneno ya mtu mwingine na kuiweka simu mezani. Kesho yake, kazini, unasimama mbele ya watu thelathini na kuwaelekeza jambo lilelile bila kusita.

Mtu ni yuleyule. Kilichobadilika ni kundi.

Mimi niliishi hivyo miaka kadhaa nikiamini kwamba woga ni tabia yangu ya kuzaliwa. Nilifuata ushauri wote wa kujijenga: simama wima, mtazame mtu machoni, jiambie maneno mazuri asubuhi. Haukunifikisha mbali, kwa sababu asubuhi nilikuwa najaza maji kwenye ndoo ambayo jioni nilikaa na watu wanaoitoboa. Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na wewe peke yako. Unaanza na watu unaokaa nao, na kipimo ninachokitumia ni kimoja: kundi linalokujenga hulitambui kwa sifa linazokumwagia, unalitambua kwa jinsi unavyothubutu kukosea mbele yake.

Kwanza, elewa kwa nini watu wana nguvu hii juu yako

Tutenganishe maneno mawili yanayochanganywa. Kujiamini ni kuona kwamba unaweza jambo fulani: kuongea, kuongoza, kujifunza lugha mpya. Kujithamini ni kuona kwamba wewe ni mtu wa maana hata jambo hilo likikushinda. Marafiki hugusa yote mawili, ila kwa njia tofauti.

Mwaka 1902 mwanasosholojia wa Marekani, Charles Horton Cooley, alieleza kwamba binadamu hujiona kupitia kioo cha wenzake. Tunawazia tunavyoonekana kwao, tunawazia wanavyotuhukumu, kisha tunapata fahari au aibu. Litunze hilo neno "tunawazia", tutalihitaji kwenye hatua ya nne. Mwaka 1995 mwanasaikolojia Mark Leary na wenzake waliongeza wazo lililonifumbua macho: kujithamini hufanya kazi kama mshale wa mafuta kwenye gari. Kunaonyesha ni kwa kiasi gani tunahisi kukubalika na watu. Mshale ukishuka, wengi wetu tunahangaika na mshale wenyewe, tunausukuma kwa kidole upande wa juu, wakati kilichopungua ni mafuta.

Upande wa kujiamini, mwanasaikolojia Albert Bandura alitaja mwaka 1977 vyanzo vinne: kufanikiwa wewe mwenyewe katika jambo, kumwona mtu unayefanana naye akifanikiwa, kuambiwa na mtu mwingine kwamba unaweza, na hali ya mwili wako wakati huo. Vitazame tena uone vinavyohusu watu. Cha pili na cha tatu vinatoka kwao moja kwa moja. Cha kwanza kinahitaji wakupe nafasi ya kujaribu. Na cha nne, yaani mapigo ya moyo na mikono kutoa jasho, hutegemea sana nani amekaa mbele yako.

Njia hii ina pande mbili. Michelle Harris na Ulrich Orth walichambua tafiti 52 zenye watu zaidi ya 47,000 na kuona kwamba mahusiano mazuri hukuza kujithamini, na kujithamini nako huboresha mahusiano. Kwa hiyo ukirekebisha upande mmoja, hata kidogo, upande wa pili nao husogea.

Hatua ya 1: Andika makundi, si majina

Chukua daftari. Usiandike "fulani mzuri, fulani mbaya", kwa sababu mtu mmoja anaweza kuwa mpole mkiwa wawili na akageuka mkali mkiwa sita. Andika makundi na mazingira: wenzangu wa kazini wakati wa mapumziko, marafiki wa shule ya zamani, kundi la simu la ukoo, timu ya mazoezi, rafiki yangu mmoja tukiwa peke yetu.

Kisha kwa siku 14, kila unapoachana na kundi, jaza safu tatu:

- Nilijisikiaje kabla ya kukutana nao, kwa kipimo cha 1 hadi 10?
- Ninajisikiaje sasa, kwa kipimo hichohicho?
- Ni jambo gani nilitaka kusema au kufanya nikajizuia?

Safu ya tatu ndiyo yenye thamani. Namba hupanda na kushuka kwa sababu nyingi, huenda ulilala vibaya au unaumwa kichwa. Lakini maneno uliyoyameza ni ushahidi. Mimi nilipojaza daftari langu, kundi lililonichekesha kuliko yote, lile nililolikimbilia kila mwisho wa wiki, ndilo lililokuwa na safu ya tatu ndefu kupita yote. Nilikuwa natoka pale na 8, nimecheka mpaka mbavu zinauma, na kumbe sikuwa nimesema hata neno moja la kwangu.

Jaza siku hiyohiyo. Ukingoja kesho utaandika unavyodhani ulijisikia.

Hatua ya 2: Peleka habari njema, kisha sikiliza

Tumelelewa na methali kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Ni kweli, ila ni nusu ya kweli. Wapo watu wanaokuja mbio ukianguka na kununa ukisimama, na hao huwezi kuwatambua wakati wa dhiki. Shelly Gable na wenzake, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2004, walichunguza jinsi watu wanavyopokea habari njema za wenzao, wakapata mikao minne. Chukua habari moja, "Nimechaguliwa kuongoza ule mradi," uone inavyopokelewa.

Wa kwanza anaacha anachofanya: "Eeh! Walikwambiaje? Ulikuwa umekaa wapi? Hebu anza mwanzo." Wa pili anasema "hongera" macho yakiwa kwenye simu. Wa tatu anakunja uso: "Utaiweza kweli? Ule mradi unajulikana, unawachosha watu." Wa nne anarukia yake: "Afadhali wewe. Mimi jana, acha tu, ngoja nikusimulie."

Ni mkao wa kwanza tu ulioambatana na uhusiano wenye afya. Angalia kwamba mtu wa kwanza hajakusifu hata mara moja. Ameuliza. Swali lake limekurudisha kwenye tukio, na ukilisimulia unaliishi upya: unasikia tena jina lako likitajwa, unaona nyuso, unakumbuka kwamba jambo hilo ulilipata wewe. Sifa tupu hupita sikioni, ila ushindi uliousimulia mwenyewe kwa kinywa chako hukaa.

Katika wiki mbili hizo, peleka habari njema ndogondogo kwa watu tofauti na uandike majibu yao. Usihukumu kwa jibu moja, kwani kila mtu ana siku zake. Hesabu majibu matano.

Hatua ya 3: Tenganisha utani na kubezwa, kukosolewa na kudhalilishwa

Hapa watu wengi hukwama, maana mkosaji ana ngao tayari: "Mbona unakasirika, tunatania tu!" Nami sitaki umkimbie kila anayekutania. Utani mzuri ni dalili ya kukubalika, na rafiki asiyekukosoa kabisa anakunyima kitu. Jiulize haya matatu.

Utani unazunguka au unaelekea upande mmoja tu? Kama kila mtu hutaniwa kwa zamu, huo ni mchezo. Kama ni wewe kila siku, wewe ndiye mchezo.

Unagusa ulichochagua au usichoweza kukibadilisha? Kukutania kwa kuchelewa ni tofauti na kukutania kwa sura yako, kigugumizi chako, au lile kosa la miaka sita iliyopita ambalo mtu hulifukua kila mgeni anapoingia.

Na ukisema "hilo liacheni", linaachwa? Ningekuwa na nafasi ya swali moja tu, ningebaki na hili.

Kwa ukosoaji, tazama unatolewa wapi na unaishia wapi. Anayekujenga hukuvuta pembeni, anataja kitendo, anakuachia njia ya kurekebisha: "Ulipoongea ulikimbia sana mwanzoni, watu hawakushika namba. Ukipumua kidogo watakuelewa." Anayekubomoa husema mbele za watu, anataja utu wako, anaishia hapo: "Wewe kuongea mbele za watu si kazi yako."

Hatua ya 4: Yakague macho yako pia

Tulisema Cooley alitumia wazo la kuwazia. Unachokiona kwenye kioo cha marafiki huenda hakipo. Mtu aliyeumizwa sana zamani husoma dharau hata kwenye uso wa mtu aliyechoka tu, na asipolijua hilo, ataondoka kundi moja baada ya jingine bila kupona.

Mwaka 2000 Thomas Gilovich na wenzake waliwavalisha wanafunzi fulana yenye picha ya kuwaaibisha, wakawaingiza kwenye chumba chenye wenzao. Wavaaji walikadiria kwamba karibu nusu ya waliokuwemo wangeitambua picha ile. Walioitambua walikuwa kama robo tu. Na mwaka 2018 Erica Boothby na wenzake walionyesha kwamba watu wakimaliza mazungumzo ya kwanza, kila mmoja hudhani amependwa kidogo kuliko alivyopendwa kweli. Kati ya wanafunzi waliokuwa wakiishi pamoja bwenini, pengo hilo liliendelea kwa miezi.

Kwa hiyo kabla hujalitia kundi hatiani, rudi kwenye daftari na ugawe kila tukio sehemu mbili: kilichotokea, na maana niliyokipa. "Hakujibu ujumbe wangu" ni tukio. "Ananiona si lolote si chochote" ni maana. Tukio likiwa moja na maana zikiwa kumi, anza na maana. Matukio yakiwa kumi na yote yanaelekea upande mmoja, basi huwazii, unaona vizuri.

Hatua ya 5: Tafuta mtu mmoja ndani ya kundi

Kama kungekuwa na hatua moja tu ya kuchukua kutoka hapa, ningekupa hii, kwa sababu haihitaji ubadilishe maisha yako yote.

Katika miaka ya 1950 mwanasaikolojia Solomon Asch aliwakalisha watu chumbani na kuwaonyesha mistari, akawauliza ni upi unalingana kwa urefu na mstari wa mfano. Jibu lilikuwa wazi hata kwa mtoto. Lakini wote chumbani isipokuwa mmoja walikuwa wamepangwa kutoa jibu baya kwa sauti moja. Yule mmoja, akiwasikia wenzake wote wakikosea kwa utulivu, alianza kuyatilia shaka macho yake. Karibu robo tatu ya waliojaribiwa waliwafuata wengi angalau mara moja, na kwa jumla kama theluthi ya majibu yao yalipinda.

Kisha Asch akabadilisha kitu kimoja. Akamweka mtu mwingine mmoja anayesema ukweli. Makosa yalishuka hadi karibu robo ya yale ya awali. Mtu mmoja tu! Wengi walibaki wengi, na mistari ilikuwa ileile. Katika majaribio mengine yule mwenzake aliaga katikati na kutoka chumbani, na ujasiri wa aliyebaki haukuondoka naye, kwa kiasi kikubwa uliendelea. Lakini mwenzake alipobaki chumbani akahamia upande wa wengi, makosa yalirudi juu.

Nalikumbuka hilo kila ninapofikiria urafiki. Rafiki asiyekuwepo hakuumizi sana, anayekuumiza ni yule aliyekuwepo akakugeuka.

Kwa vitendo: katika kundi linalokubana, mtafute mtu ambaye mkiwa wawili huongea tofauti. Mara nyingi ni yule anayetabasamu bila kucheka. Mwambie mapema, kabla ya kikao au matembezi: "Leo nataka kutoa wazo langu kuhusu safari. Wakinikatiza, naomba useme tu 'mwacheni amalize'." Ombi liwe dogo na la wazi hivyo. Usimwombe akupiganie, na wala hahitaji kukubaliana nawe. Anachohitaji ni kuvunja ile sauti moja.

Nawe toa neno lako mapema, dakika za mwanzo. Kadiri unavyosubiri, ndivyo maneno ya wengine yanavyojaa kifuani mwako na lako kukosa pa kupita.

Hatua ya 6: Sema na mhusika

Usiseme na kundi zima. Kundi hujilinda kwa kicheko. Chagua mtu mmoja mwenye uzito, tafuta wakati wa utulivu, ongea naye ana kwa ana au kwa simu, usitume andiko refu usiku. Taja tukio, taja lilivyokugusa, taja unachoomba, kisha nyamaza:

"Juzi mliporudia ile habari ya mimi kukwama mbele za watu, niliumia. Najua hamkukusudia. Naomba isirudiwe tena."

Kunyamaza ndiyo kazi ngumu. Utatamani kuongeza "lakini si kitu, yaishe", na ukiongeza umelifuta ombi lako mwenyewe.

Usipime kwa jibu la papo hapo. Watu wazuri kabisa hujitetea mwanzoni. Pima kwa mwezi unaofuata. Aliyekujibu "umekuwa mtu wa kununa siku hizi" lakini akalizima lile jambo kikaoni, amekusikia. Aliyesema "samahani sana ndugu yangu" na wiki ya pili akalirudia, naye amekujibu.

Hatua ya 7: Punguza kabla ya kukata

Si kila kundi linaondokeka. Huwezi kuwahama wafanyakazi wenzako kesho, wala ukoo. Punguza dozi: hudhuria saa moja badala ya nne, zima arifa za kundi, jibu mara moja kwa siku, na usipeleke huko mambo yako mapya yaliyo bado mche. Habari changa ipeleke kwanza kwa yule wa mkao wa kwanza. Ikishakomaa, kejeli haitaing'oa.

Ondoka moja kwa moja pale unapotishwa, unapopigwa, unapolazimishwa kufanya jambo la hatari ili ukubalike, au siri zako zinapotumiwa kukushika. Huko usiende kuelezana peke yako. Shirikisha mtu mzima unayemwamini au mamlaka inayohusika kwanza.

Uchungu wa kutengwa ni wa kweli, usijilaumu ukiuhisi. Watafiti wakiongozwa na Kipling Williams walibuni mchezo wa kompyuta wa kurushiana mpira ambamo mtu huanza kunyimwa mpira. Dakika chache tu zilitosha kushusha kujithamini kwa wachezaji, hata walipoambiwa kwamba wanaocheza nao ni kompyuta. Basi usiondoke kwenye kundi la miaka kumi ukiwa mikono mitupu. Anza hatua ya 8 kwanza.

Hatua ya 8: Jiunge na watu wanaofanya kitu

Kukaa na kupiga soga ni kuzuri, lakini kujiamini hupata chakula pale mnapofanya jambo lenye viwango vya kupanda: kwaya, mchezo, kujitolea, kikundi cha kusoma, ufundi. Hapo unapata vyanzo vya Bandura kwa pamoja. Unashindwa, unarudia, unaweza. Na unamwona aliyeanza miezi sita kabla yako akifanya unachokiogopa.

Tazama mchanganyiko wa viwango. Herbert Marsh na John Parker walionyesha mwaka 1984 kwamba wanafunzi wenye uwezo sawa hujiona dhaifu zaidi wakiwa kati ya wenzao wenye uwezo mkubwa sana kuliko wakiwa kati ya watu wa kawaida. Tafuta kundi ambalo kuna wachache waliokutangulia, wengi wa kiwango chako, na angalau mmoja unayeweza kumwelekeza. Kumfundisha mwingine hunyoosha mgongo kuliko sifa yoyote.

Kisha uwe na subira ya hesabu. Jeffrey Hall, mwaka 2018, alikadiria kwamba huchukua kama saa 50 za kuwa pamoja kutoka kufahamiana hadi urafiki wa kawaida, kama 90 kufikia urafiki kamili, na zaidi ya 200 kufikia urafiki wa karibu. Ukikutana na watu saa mbili kwa wiki, saa 50 ni karibu nusu mwaka. Ukihisi upweke wiki ya tatu, usiseme hawakupendi, sema umetumia saa sita.

Na usiweke yote kwenye kundi moja, hata likiwa zuri namna gani. Mwenye makundi matatu, akikosana na moja, bado ana mahali pawili panapomjua kwa sura nyingine.

Hatua ya 9: Jikague unavyowapokea wengine

Jaza daftari lako kwa siku tatu ukiwa upande wa pili. Nani alileta habari njema, nawe ukafanya nini? Ulirukia yako? Nani alinyamaza ulipoingia? Mimi nilipojikagua hivi nilimkuta rafiki yangu mmoja ambaye kwa miaka mingi nilikuwa nammalizia sentensi zake. Nilidhani namsaidia. Nilipoacha, ilimchukua wiki kadhaa kuzoea kwamba kimya changu ni chake, ndipo akaanza kuongea, na nikagundua kwamba sentensi zake hazikuwa zikiishia pale nilipozimalizia.

Mambo mawili ya mwisho ya kiutendaji

Ikiwa huzuni, kukosa usingizi, kukosa hamu ya chakula au kujiona hufai vimeendelea wiki mbili au zaidi, au mawazo ya kujidhuru yamekujia hata mara moja, nenda kwa daktari au mshauri wa saikolojia. Daftari lipeleke, litamsaidia kukuelewa haraka.

Baada ya miezi mitatu, rudia zile siku 14. Usilinganishe namba. Soma safu ya tatu peke yake, ya zamani na ya sasa, uone ni maneno gani ulikuwa unayameza ambayo sasa hayapo tena kwenye orodha.